UZI: Lupita Nyong'o bila sauti, Lupita Nyong'o bila mwili

#1 Mleta uzi (fundi wa nguo, Kisumu)

Wadau, hamjambo. Huu uzi ni mrefu, nimeuandika kwa siku tatu katikati ya kazi, kwa hivyo asiye na nafasi sasa auweke asome usiku. Ni kuhusu mwigizaji wetu Mkenya, Lupita. Na ambaye hajatazama filamu zake za Us na A Quiet Place: Day One ajue mapema kwamba nitayasema yaliyomo mpaka mwisho.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye. Nina cherehani tatu, wasichana wawili wanaojifunza kazi, na runinga ukutani inayocheza muvi za flashi tangu tukifungua hadi tukifunga. Jirani yangu anatengeneza spika, na kila akimaliza moja lazima aijaribu kwa ohangla, ule muziki wa Kiluo. Cherehani nazo hazinyamazi. Kwa hivyo sisi hutazama muvi bila kusikia hata neno moja, tumezoea.

Siku moja nilikuwa nimeinama nakata sare za shule, msichana mmoja akaweka Us, ile ya Jordan Peele ya mwaka 2019. Nikainua kichwa pale familia mbili zinapotazamana sebuleni mbele ya meko: waliovaa ovaroli nyekundu upande huu, wenye nyumba upande ule. Nikauliza, "Huyu mama wa ovaroli ni nani? Nimemwona wapi?" Wasichana wakacheka. Wakaniambia ni Lupita, na yule anayetetemeka huku amefungwa pingu kwenye meza pia ni Lupita.

Nikaweka makasi chini nikasogea karibu na runinga. Sura ni moja, hilo niliona. Lakini nimepima wanawake kwa miaka 19 na nawaambia, mabega yale hayakuwa ya mtu mmoja.

Nieleze kidogo, maana si kila mtu amewahi kushika tepu. Mama akija kupimwa gauni la harusi, halafu arudi miezi sita baadaye kupimwa nguo ya matanga, vipimo havilingani. Wala hajakonda. Mabega yameanguka mbele, kifua kimeingia ndani, na nisipopunguza kitambaa cha mbele gauni litajikunja chini ya shingo. Huzuni huiona kwenye tepu kabla mteja hajaniambia amefiwa na nani. Hofu nayo hupandisha mabega juu, yakasogelea masikio, na mikono ya nguo ikaonekana mifupi ghafla.

Sasa rudi kwenye Us. Adelaide, yule mwenye nyumba, mabega yake yako juu tangu mwanzo. Anajikumbatia, vidole vyake havitulii. Red, yule wa ovaroli, ni kinyume. Shingo ndefu, mgongo umenyooka kama umefungwa uzi utosini na kuna mtu anauvuta kutoka darini. Akigeuka hapindi mwili, anageuka wote kwa pamoja. Akikimbia, kichwa hakiyumbi. Na makasi yale ya rangi ya dhahabu anayashika kama kitu alichokaa nacho gizani miaka mingi. Mimi nashika makasi kila siku ya Mungu na sikuweza kuyatoa macho kwenye ule mkono.

Jioni niliibeba ile flashi nyumbani nikaitazama tena na sauti, peke yangu. Ndipo nikaelewa. Mwishoni tunajua kwamba Adelaide ndiye aliyetoka chini ya ardhi akiwa mtoto, akamkaba yule msichana wa kweli, akamfungia kule, akapanda juu kuchukua maisha yake. Red ndiye mwenye mahali pale. Basi yale mabega yaliyopanda hayakuwa hofu ya kuvamiwa tu. Ni mabega ya mtu aliyevaa nguo ya kuazima, nguo inayomkaa vizuri kabisa, na kila siku anaogopa mwenyewe atatokea aidai. Lupita alijua hilo tangu picha ya kwanza na akalishona ndani, upande ambao hatuuoni.

Kuna pale kwenye gari, mapema kabisa, wimbo unacheza na Adelaide anamwambia mwanawe aingie kwenye mdundo. Anapiga vidole kumwonyesha. Msikilizeni vizuri: anaukosa mdundo. Mara ya kwanza unapita hapo bila kugundua. Mara ya pili nywele zinasimama.

Nimeleta uzi huu kwa sababu hapa Kisumu tukimtaja Lupita tunataja baba yake ambaye ni gavana wetu, tunataja Oscar, tunataja urembo wake na rangi yake. Hayo yote mazuri. Kazi yenyewe anayoifanya kwa mwili na koo lake hatuizungumzii kabisa. Mimi nataka tuizungumzie.

#2 Mdau, Manyatta

Dada fundi umenirudisha kwenye kibanda cha muvi tulichokuwa tunaingia Nyalenda tukiwa watoto. Wengi wetu tumelelewa na muvi za DJ Afro. Yeye anasimulia juu ya kila kitu, mwigizaji hata apige kelele namna gani humsikii. Na bado tulikuwa tunamjua msaliti kabla hajasaliti, kwa vile anavyofungua mlango tu. Sijawahi kufikiri kwamba hiyo ni elimu. Kumbe tulikuwa tunafundishwa kusoma mwili.

Nitaitafuta Us leo.

#3 Mdau, Nakuru

Nimesoma yote. Nakubali Us ni kazi kubwa, lakini naomba niseme lililo moyoni. Upana wa mwigizaji unapimwa kwa wingi wa kazi. Huyu dada ana Oscar tangu 2014, na ukihesabu filamu ambazo yeye ndiye anayebeba hadithi kutoka mwanzo hadi mwisho, ni chache. Non-Stop alikuwa mhudumu wa ndege anayepita nyuma. Star Wars hata sura yake hatukuiona. Black Panther ni ya mfalme T'Challa. Na kuna watu huku wanaosema bila jina la familia asingefika. Mimi sisemi hivyo, lakini linasemwa, heri tulijibu hapa waziwazi.

#4 Mleta uzi

Ndugu wa Nakuru, asante kwa kulisema kwa heshima. Nianze na hilo la familia nilimalize. Lupita alizaliwa Mexico City mwaka 1983 wakati baba yake anafundisha chuo kikuu kule, ndiyo maana ana jina la Kimexico. Akakulia Nairobi. Akiwa na miaka 14 alimwigiza Juliet na kikundi cha Phoenix Players. Baadaye alikuwa msaidizi wa utayarishaji The Constant Gardener ilipopigwa hapa Kenya, kazi ya kutumwa huku na kule, hakuna kamera inayokutazama. Mwaka 2009 akaigiza Ayira kwenye tamthilia ya runinga ya Shuga, na mwaka huohuo akatoa filamu yake mwenyewe ya hali halisi, In My Genes, kuhusu Wakenya wenye ualbino. Ndipo akaenda Yale kusomea uigizaji, akahitimu 2012. Mtu aliyeanza Juliet akiwa msichana wa shule na akarudi darasani akiwa mtu mzima, huyo anaitaka kazi. Yeye ni nyar Seme, binti wa Seme, na tunajivunia, lakini mbele ya kamera Seme haimshiki mtu mkono.

Sasa hilo la wingi. Hapa sikubaliani nawe kabisa. Mimi nashona gauni moja la bibi harusi kwa wiki tatu na sare arobaini kwa wiki moja. Ukinihesabia vipande utaniona mvivu ile miezi ya harusi.

Tazama Patsey, mtumwa anayemwigiza kwenye 12 Years a Slave ya Steve McQueen. Ndiyo filamu yake kubwa ya kwanza, alichaguliwa hata kabla hajavua joho la Yale. Patsey anachuma pamba zaidi ya ratili 500 kwa siku, kuliko wanaume wote wa shamba lile. Mtu angemwigiza kama mtu aliyevunjika tangu mwanzo mpaka mwisho, na sisi tungelia vilevile. Lupita hakufanya hivyo. Kuna mahali ameketi peke yake shambani anatengeneza vidoli kwa maganda ya mahindi huku anaimba chini chini, na mgongo wake umelegea kama wa mtoto wa miaka tisa. Hapo unaona vile angekuwa. Kisha inakuja siku ile aliyokwenda shamba la jirani kutafuta sabuni kwa sababu bibi wa nyumba anamnyima. Anarudi, bwana wake amechachamaa, na yeye anakionyesha kile kipande cha sabuni. Hapigi magoti. Anasimama wima na kusema kwamba ananuka mpaka anajitapisha mwenyewe, na alichotaka ni kuwa safi tu. Kipande cha sabuni kinachoingia kiganjani! Sauti inapanda lakini mkono hautetemeki. Yanayofuata mnayajua, sitayaandika.

Ila nataka niwaonyeshe kitu ambacho watu wengi hawakioni. Solomon, mhusika mkuu, anapopata uhuru wake, anamkumbatia Patsey, anapanda gari la farasi. Kamera inabaki na uso wa Solomon. Nyuma yake kule mbali, picha imefifia, huwezi kuona sura, Patsey anaanguka chini. Hakuna anayemtazama, hata kamera haimtazami. Lupita angeweza kusimama tu pale na hakuna ambaye angemlaumu. Alianguka kama mtu ambaye mifupa imetolewa. Nimeirudia hiyo sehemu nikasimamisha picha nikawaambia wasichana wangu: pindo la ndani, ambalo mteja hatalifunua kamwe, hivi ndivyo linavyoshonwa.

Machi 2014 wakampa Oscar ya mwigizaji bora wa kike msaidizi. Mkenya wa kwanza. Nakumbuka hapa mjini watu walipiga honi.

#5 Mdau, Busia

Naomba niongeze Queen of Katwe, mbona hakuna aliyeitaja? Ya Mira Nair, 2016, inayomhusu Phiona Mutesi, yule msichana wa Kampala aliyekuwa hodari wa sataranji. Lupita ni mamake, Harriet, mjane anayeuza mahindi.

Mimi nafanya biashara hapa mpakani, kila siku niko na akina mama wa upande ule. Wanaoingia na ndizi, na nyanya, na mahindi ya kuchoma. Harriet yule nimemnunulia mahindi. Hiyo ndiyo sifa ninayoweza kumpa. Alivyofunga kitambaa kichwani, alivyokaa amechuchumaa huku jicho moja liko kwa mteja na jingine kwa mtoto, na zaidi ya yote Kiingereza chake. Ni cha Uganda, kile kinachotembea polepole na kinavuta mwisho wa neno. Sisi Wakenya tukiigiza Kiganda huwa tunafanya mzaha, tunakizidisha. Yeye hakukizidisha. Jirani yangu hapa, mama wa Tororo, alitazama naye akasema, "Huyo ni wetu." Nikamwambia ni wa kwetu. Akakataa.

Na dada fundi, kuna pale Harriet anapouza kitambaa chake ili binti apate mafuta ya taa ya kusomea usiku. Wewe utaliona hilo kuliko mimi.

#6 Mleta uzi

Ndugu wa Busia, nimeliona na nimelilia. Anavyokiachia kile kitambaa. Mtu akileta kwangu kitenge cha marehemu mama yake nikikate nimshonee, huwa hanipi kwa mikono miwili. Anatoa mkono mmoja na mwingine unabaki umeshika upindo mpaka dakika ya mwisho.

Angalieni pia kwamba mwaka huohuo wa 2016 alikuwa jukwaani Broadway kwenye Eclipsed, mchezo wa Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia, akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Liberia usiku jukwaani, na Katwe kwenye kumbi za sinema.

#7 Mwalimu, Kakamega

Mimi ni mwalimu wa chekechea na nimekuja kuitetea filamu ambayo hakuna ataitaja. Inaitwa Little Monsters, ya Australia, 2019. Ndiyo, mwaka uleule wa Us! Ni ya vichekesho na mazombi. Wengine watasema ni upuuzi. Sikuicheka hata kidogo pale ilipohusu kazi yangu.

Lupita ni Miss Caroline, mwalimu aliyewapeleka watoto wadogo matembezini, mazombi yakawazingira. Sasa afanye nini? Anawaambia watoto ni mchezo. Anarudi amelowa damu, watoto wanauliza, anawaambia ni jemu. Anashika ukulele anawaimbia. Wenzangu walimu mtanielewa nikisema kuna uso ambao tunao wa mbele ya darasa. Mvua ikiezua mabati, mzazi akija mlevi getini, nyoka akiingia chooni, wewe unatabasamu na kusema "haya watoto, tupange mstari." Uso ule hauigizwi na mtu ambaye hajakaa akatazama walimu. Lupita anatabasamu kwa mdomo na mashavu, sauti yake tamu kabisa, na macho yanahesabu watoto. Yanahesabu! Moja, mbili, tatu, mpaka yanamaliza, halafu yanaanza tena. Mimi nahesabu hivyo hivyo kila siku.

Anayesema hana upana alinganishe Miss Caroline na Red, zote za mwaka mmoja.

#8 Mleta uzi

Mwalimu, ubarikiwe. Na lile gauni la manjano! Fundi yeyote anajua manjano haifichi doa. Walimvika rangi hiyo makusudi, na yeye akaivaa kana kwamba doa halipo.

#9 Mdau, Nakuru

Mwalimu na ndugu wa Busia mmenishinda kwenye hesabu, nakubali. Lakini nina jambo jingine na hili linanigusa nyumbani. Sauti ya Red. Ile sauti iliyokwama, inayotoka kama inavutwa ndani. Lupita mwenyewe alieleza kwamba aliianzia kwenye hali iitwayo spasmodic dysphonia, ambapo misuli ya zoloto inajikaza yenyewe na sauti inakatika. Watu wenye hali hiyo walilalamika, kwa nini sauti yao iwe ya kutishia watu sinema. Akaomba radhi.

Shangazi yangu ana tatizo la sauti kwa miaka mingi. Akipiga simu watu hukata wakidhani ni mtandao mbovu. Mimi nilipoitazama ile filamu nilimkumbuka yeye, na nilikasirika. Nataka kusikia mnasemaje, maana uzi wa sifa bila hili nahisi una tundu.

#10 Mleta uzi

Ndugu wa Nakuru, umenyamazisha kibanda kizima. Niliwasomea wasichana tukaacha kazi.

Una haki. Sitalitetea. Shangazi yako hakuchagua sauti yake na si halali mtoto amwogope kwa sababu ya sinema. Na nadhani Lupita aliliona hilo ndiyo maana aliomba radhi badala ya kubishana.

Ninachoweza kukwambia ni nilichokisikia ile usiku nilipoitazama na sauti. Red ndiye pekee kati ya wale wa chini anayeweza kuongea, wengine wote wananguruma tu. Alikabwa koo akiwa msichana mdogo, akakaa miaka mingi mahali ambapo hakuna wa kuzungumza naye. Kwa hivyo anapoketi pale mbele ya meko na kuanza kusimulia hadithi ya msichana na kivuli chake, kila neno analitafuta, analipata, anashangaa kwamba limetoka. Niliogopa dakika ya kwanza. Baada ya hapo nilikuwa nataka mtu ampe maji. Huenda shangazi yako akaiona vingine kabisa, na akiiona vingine yeye ndiye mwenye neno la mwisho, si mimi.

Watu wa ukosoaji wa filamu kule New York walimpa tuzo yao ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo wa 2019. Oscar hawakumteua hata kuwania. Hilo linaniuma mpaka leo. Filamu ya kutisha ikiingia, wale wapiga kura ni kama wanafumba macho.

Sasa nije kwenye nusu ya pili ya kichwa cha uzi, Lupita bila mwili.

Nina binti wa miaka minane. Likizo ya Desemba alikuwa anakuja kibandani na akaomba muvi ya katuni, tukaweka The Wild Robot, ya 2024. Siku hiyo jirani wa spika alikuwa amesafiri kwenda mazishi Ugenya. Kwa mara ya kwanza tukasikia muvi mchana. Roz ni roboti aliyetupwa na dhoruba kwenye kisiwa chenye wanyama tu. Mwanzoni anaongea kama ile sauti ya simu inayokwambia salio lako halitoshi: adabu nyingi, haina mtu ndani. Kila sentensi inapanda na kushuka mahali palepale. Anakaa siku nyingi akiwasikiliza wanyama mpaka anaijua lugha yao. Kisha anabaki na kifaranga cha bata bukini ambacho familia yake imekufa, na inabidi akifundishe kula, kuogelea na kuruka kabla ya wenzake kuhama.

Hapo ndipo nilipoacha kushona. Roz hana mdomo, hana nyusi. Uso wake ni duara na taa mbili. Hawezi kulia. Lupita amenyang'anywa kila kitu nilichokuwa nakisifu kule juu, mabega, shingo, mkono, vyote. Amebaki na koo. Na sauti haibadiliki kwa mkupuo, ndiyo nasema ni fundi. Hakuna mahali unaweza kusema hapa roboti ameisha na mama ameanza. Ni kama kutoa uzi wa bandika kwenye gauni: unavuta mmoja mmoja, kila uzi mdogo, na ghafla unagundua gauni limesimama lenyewe. Kuna neno moja mwanzoni analisema kwa upande wa kazi tu, "jukumu". Jinsi filamu inavyokwenda lile jukumu linakuwa zito mdomoni mwake, anapunguza mwendo kabla ya kulifikia.

Binti yangu aliniuliza, "Mama, roboti anaumwa?" Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Sauti yake imekuwa kama yako ukiwa umechoka."

Nikamwambia roboti ni yule mama wa ovaroli nyekundu. Alinitazama akaona nampiga porojo.

#11 Mdau, Manyatta

Nimerudi. Nimetazama Us jana usiku na leo sijaenda kazini vizuri. Vile vidole kwenye gari, jamani.

Swali: Black Panther unaiweka wapi? Kwangu ndiyo niliyompendea.

#12 Mleta uzi

Ndugu wa Manyatta, Nakia, mhusika wake humo, nampenda, ila sitakaa sana hapo kwa sababu mavazi ya Ruth Carter yanaiba macho yangu na siwezi kuwa mwamuzi wa haki. Nitasema moja. Mwanzo kabisa Nakia yuko kwenye lori na wanawake waliotekwa, amejificha kati yao. T'Challa anakuja kumchukua, anaharibu kazi yake, na Nakia hashukuru, anamkaripia! Tena kabla ya hapo anamzuia asimdhuru mmoja wa wale wenye bunduki kwa sababu ni mtoto aliyetekwa pia. Kwa dakika mbili tayari unajua huyu si mchumba wa mfalme, ana kazi yake. Baadaye Busan anazungumza Kikorea, na kwenye filamu ya pili Kihispania, ile lugha ya nchi aliyozaliwa. Lugha zinakaa mdomoni mwake kama zimelipiwa kodi.

Nimalizie na A Quiet Place: Day One, maana ndiyo iliyonifanya niandike uzi.

Ni ya 2024 pia. Viumbe wameshuka New York na wanawinda kwa sauti, ukikohoa umekufa. Lupita ni Sam, mshairi mwenye saratani, amebakiza siku chache. Kila mtu anakimbilia mto kuokolewa na yeye anaelekea kinyume, na paka wake, kwenda Harlem kula piza ya mahali baba yake alipokuwa akimpeleka. Lupita alikuwa anaogopa paka maisha yake yote. Ilibidi ajifunze kukaa nao kwanza. Ukijua hilo halafu umwone anavyombeba yule paka kifuani, mkono mmoja chini ya miguu ya nyuma, mwingine umefunika masikio, utasema alizaliwa naye.

Tuliitazama Aprili, saa kumi na moja jioni, mvua ile ya Kisumu inayokuja kutoka milima ya Nandi bila kubisha hodi. Mabati yalipiga kelele kiasi kwamba hata ohangla ilizama. Kwa hivyo tena, bila sauti. Kuna pale Sam na kijana mmoja, Eric, wamejificha usiku na nje kuna radi. Wanagundua kwamba radi ikipiga, viumbe hawawezi kusikia kingine. Wanangoja. Radi inapiga, wanapiga mayowe kwa nguvu zao zote. Inanyamaza, wananyamaza. Inapiga tena, mayowe tena. Sam anapiga mayowe kwa mwili mzima, shingo imetoka mishipa, tumbo limejikunja, mabega yale niliyoyaandika tangu mwanzo yamefunguka mpaka nyuma, kama mtu anayechana nguo iliyombana miaka. Maumivu yote ya hospitali, baba aliyekufa, mji uliokufa, yote yanatokea pale. Halafu anafunga mdomo na uso unarudi ulivyokuwa.

Radi ya kwetu nayo ikapiga upande wa ziwa. Msichana wangu mdogo, ambaye alimzika mama yake mwezi wa pili na tangu hapo hakuwa amesema mengi, alipiga yowe. Mara moja tu. Hakuna aliyemsikia zaidi yetu, mvua ilikuwa nyingi. Mwenzake akamshika mkono, nami nikajifanya natafuta kifungo chini ya meza.

Mwishoni Sam anampa Eric sweta yake na paka, anamwacha aende kwenye mashua. Ndani ya sweta Eric anakuta barua. Wasichana hawakurudi kwenye cherehani mpaka majina yote yalipomaliza kupita, na mvua ilikuwa bado.